Ratiba ya Marathoni: Ya Bure, ya Kitabu, ya Simu au ya Kocha?

Kabla ya marathoni ya kwanza, mbio ndefu kuliko zote katika mazoezi iwe ya kilomita ngapi? Ndugu wawili wa Michigan nchini Marekani, Keith na Kevin Hanson, wanatosheka na maili 16, kama kilomita 26. Hal Higdon, mwandishi na mkimbiaji mkongwe ambaye ratiba zake zimeenea dunia nzima, anataka maili 20, yaani kilomita 32. Jeff Galloway, aliyeiwakilisha Marekani katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alibuni mpango unaomfikisha anayeanza kwenye maili 26, karibu marathoni kamili, ila kwa mwendo wa pole na kwa kupokezana kukimbia na kutembea.

Mipango yote mitatu imewafikisha watu wengi kwenye mstari wa kumalizia. Kati ya wa kwanza na wa tatu kuna pengo la kilomita 16, na pengo hilo halimaanishi kwamba mmoja ni mtaalamu na mwingine mbabaishaji. Namba iliyo kwenye kisanduku cha Jumamosi ni uamuzi wa kocha aliyekuwa na wakimbiaji fulani akilini. Anayenunua ratiba, au anayeipakua bure, ajiulize kwanza kama yeye ni mmoja wa hao.

Swali hili sasa ni la watu wengi. Kilimanjaro Marathon ya Moshi na marathoni ya Nairobi, zote zilizoanza mwaka 2003, hujaza barabara kila mwaka, na vilabu vya jogingi vimekuwa sehemu ya maisha ya mitaa ya Dar es Salaam. Kila anayejiandikisha hukutana na soko lile lile la ratiba: za bure, za vitabu, za programu za simu na za makocha. Tuzipange mezani.

Bei inayoonekana

| Ratiba | Bei | Siku za kukimbia kwa wiki | Mbio ndefu zaidi |
|---|---|---|---|
| Higdon, ya wanaoanza (Novice 1) | Bure | 4 | km 32 |
| Hansons, ya wanaoanza | Kitabu, dola 20–30 | 6 | km 26 |
| Pfitzinger na Douglas (wiki 18, kilele maili 55) | Kitabu, dola 20–30 | 4 au 5 | km 32 |
| FIRST ya Chuo Kikuu cha Furman | Kitabu, dola 20–30 | 3, pamoja na baiskeli au kuogelea | km 32 |
| Nike Run Club | Bure | Hutegemea mpango | Hutegemea mpango |
| Runna | Takriban dola 20 kwa mwezi au 120 kwa mwaka | Unachagua | Hutegemea mpango |

Bei hizi ni za Marekani. Dola 120 ni kama shilingi 15,600 za Kenya, au laki tatu hivi za Tanzania. Kitabu cha karatasi huongezewa gharama za usafirishaji, kwa hiyo nakala ya kusomea kwenye simu ndiyo nafuu zaidi. Kocha wa Ulaya au Marekani anayekufuatilia kwa mtandao mara nyingi huanzia dola 100 kwa mwezi. Kocha wa nyumbani hupatana nawe, na bei hutegemea mji, sifa zake na idadi ya watu mnaochangia.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini hapa msemo huo unapwaya. Ratiba ya bure ya Higdon na ya kitabu cha dola 25 zimejengwa kwa matofali yale yale. Ukinunua kitabu unalipia maelezo: kwa nini Jumanne ni mbio za kasi, nini cha kufanya ukiugua wiki ya nane, mwendo wa pole ni upi hasa. Maelezo hayo yana thamani kubwa kuliko jedwali lenyewe, maana ndiyo yatakayokuwezesha kulirekebisha.

Bei isiyoandikwa

Gharama kubwa ya ratiba hailipwi siku ya kuipakua. Chukua mkimbiaji wa kawaida anayekwenda kilomita moja kwa dakika saba. Wiki nzito kuliko zote ya Higdon ina kilomita 64, na kwake yeye hizo ni saa saba na nusu za kukimbia. Wiki nzito ya Hansons hufikia kilomita 90 hivi. Hapo anahitaji zaidi ya saa kumi, zilizogawanywa katika siku sita. Kwa hiyo ratiba inayosifiwa kwa kuwa na mbio ndefu fupi zaidi ndiyo inayokula asubuhi nyingi zaidi. Falsafa ya Hansons ni kukimbia ukiwa tayari na uchovu wa siku zilizotangulia, na ukiziruka siku hizo za katikati ya wiki, zile kilomita 26 za mwisho wa wiki hazina tena kilichozishikilia.

Baada ya saa huja raba. Watengenezaji na makocha wengi hukadiria kwamba jozi moja huhimili kilomita 500 hadi 800. Ratiba ya Higdon ya wiki 18, ukijumlisha na siku ya mashindano, ina kilomita 740 hivi: unaimaliza na jozi moja ikiwa hoi. Ya Hansons hupita kilomita 1,000, kwa hiyo jozi ya pili haiepukiki. Anayelinganisha ratiba ya bure na ya dola 25 huku akisahau tofauti ya jozi nzima ya raba amekosea hesabu, na kama raba zake ni za mtumba zilizokwisha kukimbia kwa mtu mwingine, hesabu inamharibikia mapema zaidi.

Gharama ya tatu ni ile ya mwendo wako mwenyewe, ambayo jedwali halionyeshi. Kilomita 32 kwa anayekwenda dakika tano kwa kilomita ni saa mbili na dakika arobaini. Kwa anayekwenda dakika nane ni saa nne na robo. Akianza Dar es Salaam saa kumi na moja alfajiri, atamaliza saa tatu na robo asubuhi, jua likiwa kali. Wote wawili wameandikiwa mazoezi yale yale, lakini mmoja amefanya mazoezi na mwingine nusura amalize mashindano yenyewe. Jack Daniels, kocha na mwanafiziolojia aliyeandika Daniels' Running Formula, aliliona tatizo hili na kuweka kikomo cha muda: mbio ndefu isizidi dakika 150 au asilimia 25 hadi 30 ya kilomita za wiki. Kwa wakimbiaji wa mwendo wa pole, kikomo hicho cha dakika kina maana zaidi kuliko namba ya maili 20, ambayo inaonekana ilipendwa pia kwa sababu ni namba kamili. Huku kwetu tunakohesabu kwa kilomita, ratiba nyingi huandika 30 au 32, na hakuna aliyewahi kudhurika kwa zile mbili zilizopungua.

Pale wanapokubaliana

Ukiziweka ratiba hizi pamoja na kuacha namba zake, unabaki na mambo machache ambayo karibu kila kocha anayasimamia. Kilomita nyingi zikimbiwe kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Mzigo upande taratibu, na kila baada ya wiki chache ushuke kidogo ili mwili upate nafuu. Kuwe na mbio moja ndefu, na kwa aliyezoea, kuwe na mazoezi ya kasi mara moja au mbili kwa wiki. Mazoezi yapunguzwe kabla ya mashindano.

Mambo haya yana mizizi mirefu. Arthur Lydiard wa New Zealand alijifanyia majaribio yeye mwenyewe barabarani kwa miaka kadhaa kabla ya kuwafundisha vijana wa mtaani kwake, na kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960 vijana hao walirudi na medali: Peter Snell dhahabu ya mita 800, Murray Halberg dhahabu ya mita 5,000, Barry Magee shaba ya marathoni. Hata Snell, mkimbiaji wa mita 800, alijengewa msingi wa kilomita nyingi za mbio ndefu.

Kupunguza mazoezi mwishoni kumepimwa pia. Uchambuzi wa mwaka 2007 uliojumlisha tafiti mbalimbali uligundua kuwa faida kubwa hupatikana kwa kupunguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60 katika wiki mbili za mwisho, bila kuondoa yale ya kasi. Kwa hiyo ukiona ratiba inayokutaka uongeze kilomita wiki moja kabla ya mashindano, iache, hata kama inauzwa kwa jina kubwa.

Kanuni maarufu ilipofikishwa kwenye mizani

Kanuni inayorudiwa kuliko zote inasema usiongeze zaidi ya asilimia 10 ya kilomita zako kwa wiki. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliijaribu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, waligawa kwa kura watu 532 waliokuwa ndiyo kwanza wanaanza kukimbia. Kundi moja lilifuata mpango wa wiki 13 uliopanda kwa kanuni hiyo, jingine mpango wa kawaida wa wiki nane. Walioumia walikuwa asilimia 20.8 katika kundi la kwanza na 20.3 katika la pili. Kanuni haikuwalinda.

Mwaka 2025 watafiti wakiongozwa kutoka Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,200 waliokuwa wakivaa saa za kurekodi mbio. Hawakuona hatari ikipanda kwa sababu wiki moja ilikuwa nzito kuliko iliyopita. Waliiona kwenye mbio moja moja: mtu alipokimbia umbali uliozidi kwa asilimia 10 hadi 30 mbio yake ndefu zaidi ya siku 30 zilizopita, kiwango cha kuumia kilikuwa juu kwa asilimia 64 kuliko kwa asiyezidisha. Aliyezidisha mara mbili au zaidi, hatari yake ilizidi maradufu. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi chanzo, lakini unatupa kipimo tunachoweza kukitumia nyumbani.

Nikakitumia kwenye ratiba ya Higdon. Wiki ya nne inamtoa mkimbiaji kwenye maili 7 na kumpandisha hadi 9: ongezeko la karibu asilimia 29. Wiki ya saba inamtoa 10 hadi 12, asilimia 20. Hata hatua yake ya mwisho, kutoka 18 hadi 20, imezidi asilimia 10 kidogo. Hii haiifanyi ratiba hiyo kuwa mbaya, kwani imebeba watu wengi salama. Inaonyesha tu kwamba ilitengenezwa kwa maili kamili ili jedwali lisomeke kwa urahisi, na miguu haina habari na maili kamili. Tiba yake haigharimu kitu: mwenye wiki 22 badala ya 18 aingize hatua ya katikati kila panapotokea mruko mkubwa. Badala ya kutoka kilomita 11 hadi 14.5, apite kwenye 12 na 13.2.

Ratiba ya mtaalamu inafanana na shati la mtumba la kitambaa kizuri: kitambaa ukiamini, lakini lipitishe kwa fundi kabla ya kulivaa.

Kasi iliyokokotolewa

Ratiba za kulipia hujivunia kukupangia kasi. Unaingiza muda wako wa nusu marathoni, nayo inakupa lengo la marathoni na mwendo wa kila siku. Nyuma ya mahesabu mengi ya namna hii kuna fomula ya Peter Riegel, mhandisi wa Marekani: muda huongezeka kwa umbali uliopandishwa kwa kipeo cha 1.06. Aliyekimbia nusu kwa saa mbili anaambiwa atamaliza marathoni kwa saa nne na dakika kumi.

Andrew Vickers na Emily Vertosick waliipima fomula hiyo kwa wakimbiaji wa kawaida, wakachapisha matokeo mwaka 2016. Hadi nusu marathoni ilifanya kazi vizuri. Kwenye marathoni, iliwaahidi nusu ya wakimbiaji muda wa haraka kupita uwezo wao kwa dakika kumi au zaidi. Sababu haijifichi: wengi wa hao hawakuwa na kilomita za kutosha kwa wiki kuubeba mwendo wa nusu marathoni hadi mwisho. Lengo lililokosewa humwadhibu mtu mara mbili, kwanza miezi minne ya mazoezi yaliyozidi kasi, kisha kilomita kumi za mwisho siku yenyewe.

Ongeza hali ya hewa. Jasho lisilokauka la Tanga au Mombasa, na hewa nyepesi ya Iten iliyo kwenye mita 2,400 hivi, yote mawili huifanya kasi iliyoandikwa Boston kuwa ngumu kuliko alivyokusudia mwandishi. Kwenye siku za mbio za pole, ifuate pumzi yako na uache kutazama tarakimu za saa.

Ratiba ya bingwa

Afrika Mashariki ina kishawishi ambacho wengine hawana: kunakili mazoezi ya majirani. Mazoezi ya Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, yanajulikana na kila shabiki: uwanjani Jumanne, mbio ndefu Alhamisi, kubadilisha kasi Jumamosi, na jumla inayopita kilomita 200 kwa wiki. Gervais Hakizimana, Mnyarwanda aliyemfundisha marehemu Kelvin Kiptum, alieleza kuwa zilikuwapo wiki walizopita kilomita 250.

Ratiba hizo hazigharimu senti kuzipata, na ndizo ghali kuliko zote kuzitekeleza. Kambi ya Kipchoge ya Kaptagat ina maisha yaliyopangwa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi kwa ajili ya mbio: mazoezi, chakula, usingizi wa mchana, usingizi wa usiku. Anayekimbia alfajiri kisha akasimama kwenye daladala kuelekea kazini amechukua nusu moja ya ratiba, ile ya kuchoka, akaacha nusu ya kupumzika. Cha kunakili ni tabia iliyomo: siku ngumu ni chache, na siku za pole ni za pole kweli, hata kwa watu wenye kasi kuliko wote duniani.

Simu au binadamu?

Programu ya kulipia inauza ahadi ya kubadilika. Ukikosa siku tatu, inapanga upya. Ukiwa na kasi kuliko ilivyotarajia, inapandisha lengo. Kwa mtu mwenye nidhamu asiyependa mahesabu, huo ni msaada halisi. Mwenye saa ya Garmin achunguze kwanza kama ina Garmin Coach, kwa kuwa huduma hiyo ya ratiba imo ndani ya bei aliyokwisha kulipa.

Hata hivyo, programu hubadilika kwa kile inachokiona tu: kasi, umbali na mapigo ya moyo. Haijui kwamba ulilala saa tatu kwa sababu ya zamu ya usiku, kwamba umetoka kuugua malaria juma lililopita, au kwamba goti limeanza kunong'ona kwenye ngazi. Kwa Mwislamu, ratiba ya wiki 18 inaweza kuangukia Ramadhani, na mbio ndefu ya mchana bila maji si jambo la kuachiwa simu iamue. Wiki hizo zipangwe za kushikilia ulichonacho, baada ya kufuturu au muda mfupi kabla yake, na kupanda kusubiri hadi baada ya Idi.

Kocha anayekuona ukikimbia hugundua haya kwa macho, na hapo ndipo fedha yake huwa halali. Kabla ya kumlipa, muulize maswali mawili: atakubadilishia nini ukimwambia una maumivu ya ugoko, na ni wangapi kati ya wanafunzi wake wa mwaka jana bado wanakimbia. Anayejibu kwa kuorodhesha medali tu amejibu swali jingine.

Klabu ya jogingi ndiyo ya bei nafuu, na ina kitu ambacho hakiuzwi popote: mtu anayekusubiri saa kumi na moja na nusu alfajiri. Hatari yake ni moja, kwamba kundi hukimbia kwa mwendo wa aliye mbele. Kimbia na klabu siku zako za pole pamoja na wa mwendo wako, bila kuona haya kubaki nyuma.

Nani achukue ipi

Anayeanza kutoka sifuri asinunue ratiba yoyote ya marathoni mwaka huu. Achukue mpango wa bure wa kufikia kilomita tano. Ule uliobuniwa na Josh Clark mwaka 1996 huchukua wiki tisa za kutembea na kukimbia. Baada ya hapo aende kilomita 10, kisha nusu.

Anayekimbia mara tatu au nne kwa wiki na kufika kilomita 10 bila kuteseka, Higdon inamtosha, ikiwa na hatua zilizopunguzwa na wiki kadhaa za ziada. Fedha aliyookoa aiweke kwenye raba.

Mwenye siku tatu tu anaweza kutazama FIRST, lakini ajue kwamba siku hizo tatu zote ni ngumu, na kwamba mpango unadai pia baiskeli au bwawa. Asiyevipata hajaipata ratiba hiyo.

Mwenye kazi inayompa asubuhi sita na mwili uliozoea kukimbia kila siku, Hansons inamfaa. Desiree Linden, aliyelelewa na kundi lao kwa miaka mingi, alishinda Boston mwaka 2018. Ratiba ya Pfitzinger na Douglas inamfaa anayetafuta dakika, maana wiki yake ya kwanza tu ina kilomita 53.

Kilomita hizo 53 zinatupa kipimo cha kununulia ratiba yoyote. Fungua wiki ya kwanza, jumlisha kilomita zake, kisha zilinganishe na ulizokimbia wiki iliyopita. Zikiwa sawa au pungufu, unaweza kuianza. Zikizidi kwa mbali, ratiba hiyo iliandikiwa mtu mwingine, na jina la aliyeiandika halitabadilisha hilo. Ratiba isiyokuonyesha wiki ya kwanza kabla ya kukuomba malipo, usiilipie.